Mtu wa Boila: Safari ya Khalid Aucho wa Jinja



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za mishahara, zamu za usiku na wenzetu wanaokatwa vidole na mashine. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze kandanda. Asije mtu akasema chama kimeacha kazi na kwenda kucheza. Mtu tunayetaka kuwasimulia ni mfanyakazi kama sisi, mzaliwa wa Jinja hapa hapa, na chombo chake cha kazi ni miguu yake miwili, ambayo ikiharibika hakuna stoo ya vipuri.

Tuanze na jioni moja ya Mbale. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Juni 2019. Tulitoka Jinja asubuhi kwa njia ya Iganga na Tirinyi, tukafanya kikao na wenzetu wa Mbale mpaka alasiri, na kikao kilipokwisha hakuna aliyetaka kupanda gari kurudi. Siku hiyo Uganda ilikuwa inacheza na Kongo mjini Cairo, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Tukaingia kibanda cha video si mbali na mnara wa saa, tukalipa kiingilio, tukakaa kwenye mabenchi tumebanana kama magunia ya kahawa. Patrick Kaddu akafunga kwa kichwa mapema tu, kibanda kikatetemeka. Kipindi cha pili kilipoanza Emmanuel Okwi akaongeza la pili. Mpira ukaisha mabao mawili kwa sifuri.

Lakini kabla haujaisha, kijana mmoja aliyekaa mbele yetu, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, aligeuka akauliza, "Jamani, huyu Aucho wenu wa Jinja anafanya kazi gani mle ndani? Tangu mpira uanze sijamwona karibu na goli." Watu wakacheka. Mzee mmoja tuliyekuja naye, ambaye alifanya kazi miaka mingi katika boila ya kiwanda cha sukari, hakucheka. Akamjibu, "Kijana wangu, umewahi kuona mtu wa boila anapigwa picha pamoja na sukari? Lakini yeye akisinzia nusu saa, kiwanda kizima kinasimama. Hebu acha kuangalia mpira, mwangalie yeye."

Tukamwangalia. Kongo walipopata mpira, yeye alikuwa amekwisha kufika pale walipotaka kupita. Aliuchukua, akampa mwenzake aliye karibu, akarudi mahali pake. Beki wa kulia akipanda, yeye huenda kuziba pengo. Hakukimbia sana wala hakupiga chenga za kupendeza watu. Makocha huiita kazi hiyo kiungo mkabaji. Tangu siku ile, sisi wa Jinja tunamwita mtu wa boila.

Khalid Aucho alizaliwa Jinja tarehe 8 Agosti 1993. Ili mwelewe maana ya mwaka huo, lazima tukumbushane Jinja ilivyokuwa. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaleta viwanda: kiwanda cha nguo cha Nytil, kiwanda cha kuyeyushia shaba iliyotoka Kilembe, kiwanda cha bia na vingine vingi. Kakira na miwa yake ilikuwapo tangu mwaka 1930. Watu walikuja kutoka kila upande, kutoka West Nile, Bugisu, Teso, Kenya, Rwanda, na ndiyo maana hata leo ukurasa huu unaandikwa kwa Kiswahili. Na kila mahali penye king'ora cha kiwanda palikuwa na uwanja wa mpira. Nytil na Nile ya watu wa bia zilicheza ligi kuu ya nchi hii. Mbale nao hawakubaki nyuma. Gangama United ilichukua Kombe la Uganda mwaka 1976, na klabu hiyo hiyo, ilipokuwa ikiitwa Dairy Heroes, ikalichukua tena mwaka 1999.

Wazee wetu wanasimulia jinsi mambo yalivyokwenda. Kijana mwenye mguu mzuri alionekana kijijini, akaitwa, akaandikwa kazi. Kwenye karatasi alikuwa mfanyakazi wa mashine za kufuma. Asubuhi alikuwa kwenye mashine, mchana aliruhusiwa kwenda mazoezini, na wenzake wakabeba sehemu ya zamu yake. Wengine walinung'unika, maana mashine haijui kama mtu wake amekwenda kufunga mabao. Mchezaji naye hakuwa na sauti ya kuomba bei yake. Meneja ndiye aliyeamua, akitaka kumpa kitu anampa, asipotaka basi. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo wachezaji wengi wa leo hawana. Goti likivunjika, mtu alirudi kwenye mashine. Alikuwa na chumba Walukuba, alikuwa na kadi ya matibabu, na akiba yake ya uzeeni ilikuwa inakatwa kila mwezi kama ya mtu mwingine yeyote.

Mambo hayo yalikufa polepole. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, vipuri vikaadimika, mashine zikaanza kulala. Miaka ya 1990 viwanda vya umma vikauzwa, na mwenye mali mpya akipiga hesabu, jambo la kwanza analoliona halimletei faida ni timu ya mpira. Katika miaka hiyo ndimo Aucho alimokua. Alikuta viwanja vipo, lakini waliokuwa wakilipa mishahara ya wachezaji wamekwisha kuondoka.

Alianza na timu ya Manispaa ya Jinja. Kutoka hapo akaenda Kampala kuchezea Water, timu ya shirika la maji, halafu Simba, timu ya jeshi. Akavuka mpaka kwenda Nairobi kuchezea Tusker, timu ya kiwanda cha bia. Angalieni njia hiyo, ndugu zetu: manispaa, maji, jeshi, bia. Timu za kazini zilikufa kwetu, lakini kijana wetu alilelewa na timu za kazini za watu wengine.

Mwaka 2015 alikuwa Gor Mahia, na mwaka huo Gor Mahia ilichukua ubingwa wa Kenya bila kufungwa mchezo hata mmoja. Jina lake likaanza kutajwa. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Septemba 2016, Uganda iliifunga Comoro bao moja la Farouk Miya pale Namboole, ikafuzu kwenda Gabon. Vijana hawawezi kujua uzito wa siku ile. Mara ya mwisho tulikuwa tumekwenda mwaka 1978, pale Accra, tukafika fainali na Ghana ikatufunga mawili. Kapteni alikuwa Jimmy Kirunda, na Philip Omondi alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano yale. Omondi baadaye alikwenda kucheza kwa malipo Sharjah, Uarabuni. Baada yake Majid Musisi akaenda Rennes ya Ufaransa na Bursaspor ya Uturuki. Kwa hiyo kutoka kwenda kutafuta riziki kwa miguu si jambo jipya kwetu. Lakini Omondi na Musisi walikuwa wafungaji, na mfungaji hutafutwa hata akijificha. Mtu wa boila lazima aonyeshe kazi yake kwa muda mrefu kabla watu hawajamwona.

Kutoka Nairobi alikwenda Afrika Kusini, katika Baroka, klabu ya mkoa wa Limpopo iliyokuwa imepanda daraja mwaka huo huo wa 2016. Alikaa miezi michache tu. Mapema mwaka 2017, Gabon ilipokwisha, akasajiliwa na Red Star ya Belgrade, katika nchi ya Serbia. Hii si klabu ndogo. Mwaka 1991 ilichukua Kombe la Ulaya. Jinja tulifurahi, wengine tukaanza kuuliza Belgrade iko upande gani wa dunia.

Hapo ndipo tunaomba msomaji atulie kidogo. Katika kikosi cha kwanza cha Red Star hakupata nafasi. Watu wakaanza maneno, eti ameshindwa. Sisi tunaofanya kazi ya kuajiriwa tunajua hali hiyo. Mtu anaweza kuandikwa kazi mahali pakubwa, akapewa sare, jina lake likawa kwenye orodha, lakini kila asubuhi msimamizi anampita na kumpa kazi mwingine. Mshahara anapata, ufundi unapata kutu. Kwa mchezaji ni hatari zaidi, maana miaka yake ya kazi ni michache. Fundi wa mashine anaweza kufanya kazi miaka thelathini. Kiungo akifika miaka kumi na mitano amebahatika. Mwaka mmoja wa kukaa benchi si sawa na mwaka mmoja wa sisi kusubiri kupandishwa cheo.

Alichofanya Aucho ni kitu ambacho wengi wetu hatuna moyo wa kukifanya. Alikubali kushuka ili apate kufanya kazi. Mwanzoni mwa mwaka 2018 alikwenda India, Kolkata, katika klabu ya East Bengal. Klabu hiyo iliundwa mwaka 1920, na baada ya mwaka 1947 nchi ilipogawanywa, wakimbizi waliotoka upande wa mashariki waliifanya kuwa yao. Ina mashabiki wa kujaza viwanja vikubwa. Halafu akaenda Goa, katika Churchill Brothers. Wazee wa Jinja wanawakumbuka Wagoa waliokuwa makarani katika ofisi za serikali ya kikoloni. Walikuja kwetu kutafuta kazi ya kalamu, na mtoto wetu akaenda kwao kutafuta kazi ya miguu. Hatukuona gazeti la hapa likiandika sana habari hizo. Lakini alicheza, na kucheza ndiko kulikompa nafasi ya kubaki katika timu ya taifa.

Mwaka 2019 akahamia Misri, Misr Lel Makkasa, ambayo nayo ni timu ya kampuni. Na mwaka huo huo ndipo tulipomwona kwenye kile kibanda cha Mbale.

Kuhusu mashindano yale ya Cairo kuna jambo ambalo chama hakiwezi kulipita. Baada ya kuifunga Kongo, Uganda ilitoka sare na Zimbabwe, ikafungwa na Misri, ikaingia hatua ya mtoano kukutana na Senegal. Siku chache kabla ya mchezo huo wachezaji walisusia mazoezi kwa sababu ya madai ya posho. Redioni watu walipiga kelele: hawana uzalendo, wanalilia pesa taifa likiwatazama. Sisi tulisikiliza maneno hayo tukatazamana, maana tumeyasikia mara nyingi, ila yalikuwa yakisemwa juu yetu. Mkata miwa akigoma huambiwa anaharibu uchumi wa nchi. Wachezaji walizungumza na viongozi, wakarudi mazoezini, wakacheza tarehe 5 Julai. Senegal ilishinda bao moja la Sadio Mané, na hakuna aliyeweza kusema siku ile walicheza kwa uvivu.

Agosti 2021 akaja karibu na nyumbani, Young Africans ya Dar es Salaam, ambayo wenyewe wanaiita Yanga. Hapa ndipo mtu wa boila alipopata kiwanda kinachomfaa. Yanga ilichukua ubingwa wa Tanzania misimu minne mfululizo akiwa ndani yake, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25, na msimu ule wa kwanza haikufungwa mchezo wowote wa ligi. Mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Dar es Salaam ilifungwa na USM Alger mbili kwa moja, kule Algiers ikashinda moja kwa sifuri, mabao yakawa sawa, lakini kombe likabaki Algeria kwa sheria ya mabao ya ugenini. Mashabiki wa Yanga walimpa jina la Daktari. Sisi hatuna ugomvi na jina hilo, ingawa la kwetu tunaliona bora.

Katika mwaka huo wa 2023 Rais wa Tanzania aliahidi shilingi milioni 5 za Tanzania kwa kila bao ambalo Yanga na Simba wangefunga katika mashindano ya Afrika. Ni ahadi njema, na fedha zilikwenda kwa timu nzima. Lakini tulipokuwa tukinywa chai katika ofisi ya tawi, ndugu mmoja aliuliza swali ambalo mpaka leo hatujalijibu. Akasema, bao likifungwa kuna bei. Bao lililozuiwa lina bei gani?

Mwaka 2025 Aucho alihamia Singida Black Stars, hapo hapo Tanzania, akiwa pia kapteni wa timu ya taifa, na Desemba mwaka huo Uganda ikaenda tena Kombe la Mataifa, safari hii Morocco. Ukihesabu nchi alizofanyia kazi, ukianza na yetu, ni nane: Uganda, Kenya, Afrika Kusini, Serbia, India, Misri, Tanzania... tumehesabu vibaya, ni saba. India alikaa katika majimbo mawili, ndiyo maana tulichanganyikiwa.

Sasa tunaingia kwenye shabaha yetu. Vijana wa Walukuba, Masese, Kakira na Namakwekwe kule Mbale wanataka kufuata njia hiyo, na wazazi wao ni nyinyi mnaosoma hapa. Tumekwisha kuona machozi. Mzazi mmoja wa shamba la miwa aliuza ng'ombe wawili akampa mtu aliyejiita wakala, ambaye aliahidi kumpeleka mwanawe majaribio ng'ambo. Kijana alifika Nairobi, akalala siku tisa katika chumba cha kupanga, simu ya wakala ikazimwa. Alirudi kwa lori la mahindi. Mzazi yule alikuja kwetu akidhani chama kinaweza kumrudishia ng'ombe wake. Hatukuweza. Hakukuwa na karatasi hata moja yenye saini.

Kwa hiyo shikeni mambo haya. Sheria za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Mtu akija kutaka mtoto wa miaka 15 wa kupeleka klabu ya Ulaya, mpeni maji ya kunywa na mwonyesheni barabara. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na riziki yake hutoka katika mshahara au ada ya uhamisho, si katika ng'ombe wa mzazi.

Mchezaji aliyekwisha kupata mkataba naye ana haki zake. Mwajiri asipomlipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kumwandikia barua ya madai na kumpa siku 15. Zikipita bila malipo ana haki ya kuvunja mkataba. Sheria hiyo iliingizwa mwaka 2018. Tunaomba kila mjumbe wa tawi aisome mara mbili, kisha ajiulize kama mkataba wetu wa kiwandani una kifungu kinachoumana meno kama hicho.

Tena liko jambo la vilabu vyetu vidogo. Mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa vilabu vilivyomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka wa kuanzia 16 na kuendelea ni nusu ya asilimia moja ya ada. Ada ikiwa dola 100,000, klabu iliyokaa naye mwaka mmoja wa namna hiyo ina dola 500 zake, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu zetu. Hiyo ni mipira mingi. Tangu mwaka 2022 FIFA ina ofisi Paris inayoshughulikia malipo hayo. Lakini ofisi hiyo haiwezi kumlipa asiyeandikwa. Kama kijana alicheza miaka mitatu katika timu yenu na hakuna aliyemwandikisha katika shirikisho la mpira, basi kwa Paris hakucheza kwenu hata siku moja.

Mama mmoja wa idara ya kufunga mizigo alitusikiliza tukisema haya kwenye mkutano wa getini, akatufuata baadaye. Mwanawe ana miaka 16, ni kiungo. Tulikwenda naye kwa viongozi wa klabu ya mtoto, ikachukua majuma matatu na maneno mengi, mpaka fomu ya usajili ikapatikana na nakala yake akapewa. Mwezi uliopita timu ya kijana ilikwenda Mbale kucheza mchezo wa kirafiki. Walifungwa mbili kwa moja. Mama hakuweza kwenda kwa sababu ilikuwa zamu yake, lakini ile nakala anayo. Ameiweka kwenye bahasha moja na kadi yake ya akiba ya uzeeni, na bahasha iko chini ya godoro.